Mgeni wa Desemba

"Nimeacha kazi, Nirali. Na tiketi niliyokata safari hii ni ya kuja tu."

Kartik aliposema hivyo, mkasi ulikuwa katikati ya kitambaa. Nirali alikuwa anamkatia mteja satini ya kijani, mkono ukateleza, kitambaa kikaenda upande kama njia ya mlevi. Mteja akaguna. Celina, aliyeuza naye dukani humo tangu wote wawili hawajajua kupaka wanja, akamnyang'anya mkasi taratibu, akakata kipande kingine, kile kilichoharibika akakisukumia chini ya meza.

Ilikuwa Machi, na hilo ndilo lililomshtua Nirali kabla hata ya maneno yenyewe. Kartik alikuwa mtu wa Desemba. Kila mwaka baridi ya Leicester ikianza kuuma, alipanda ndege akaja Dar, mji ambao bibi yake aliuacha akiwa binti, asiache kuusimulia mpaka anaingia kaburini. Akija anafikia hoteli ya Posta yenye dirisha la kutazama bahari. Mishkaki, chipsi mayai, pantoni la Magogoni kwenda kuogelea Kigamboni, boti ya Zanzibar, harusi mbili tatu za ndugu, kisha huyo, amerudi kwao pua imebabuka. Desemba mojawapo ndiyo aliyoingia duka la vitambaa la Mzee Jayant pale Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, akitafuta kitambaa cha kurta ya harusi. Binti wa mwenye duka alimkatia kitambaa, akamkosoa rangi aliyochagua, na tangu siku hiyo simu zao hazikupoa.

Sasa amekuja Machi, mawingu yamekaa vibaya, anatangaza habari ya kuhamia mbele ya wateja.

Nirali akamvutia nyuma ya majora, mahali ambapo kelele za wapiga debe wa nje zinapungua. Huko walizoea kuongea kwa kuchanganya Kigujarati na Kiswahili, kama watoto wote wa Kihindi wa Dar. Kiswahili cha Kartik alikirithi kwa bibi yake, kwa hiyo kilikuwa cha zamani. Glasi kwake ni bilauri, gari ni motokaa, na Celina alikuwa akimsikia anaziba mdomo kwa kanga.

"Mbona kimya?" Kartik akauliza. "Nilidhani utafurahi."

"Wewe unaipenda likizo, Kartik. Dar hujaijua."

"Nimekuja mara ngapi hapa?"

"Zote Desemba. Zote hotelini. Umewahi kumwona Baba anapandisha ndoo za maji ghorofani? Umewahi kuniona mimi nimenuna umeme umekatika tangu asubuhi? Mtu unayemwona siku za sikukuu tu, hujui nguo yake ya kufulia."

"Basi niache niione."

Nirali alikuwa anamkumbuka dada yake, Janki. Janki aliolewa na kijana wa Toronto aliyeapa mbele ya wazee kwamba yeye na Dar mpaka kufa. Yule bwana alipiga picha za machweo mwaka mzima. Masika ya kwanza alivumilia, masika ya pili akaanza kuulizia bei za tiketi, na ya tatu ilimkuta Janki anazoa theluji mlangoni kwa sepetu huko Toronto, huku akilia kwenye simu. Mama yao alishafariki. Mzee Jayant alibaki na Nirali tu, na Nirali alijiapia kwamba hataolewa na mtu wa kumng'oa Kariakoo, wala wa kumwacha nusu njia.

"Mimi si mume wa Janki," Kartik akasema, kama aliyeyasikia mawazo yake.

"Naye alisema yeye si kama wengine."

Barazani mwa duka cherehani ikanyamaza. Hapo alikaa Mzee Abdulkadiri, fundi aliyeshona sare ya kwanza ya shule ya Nirali. Yeye na Mzee Jayant walikuwa wamezeeka pamoja, mmoja ndani ya duka, mwingine nje, wakitaniana siku nzima. Masikio ya fundi yalikuwa mazima kuliko magoti yake.

"Jayanti," akaita, "mgeni siku mbili."

"Ya tatu mpe jembe," akajibu Mzee Jayant kutoka kwenye kaunta. Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

Kicheko kile kilizaa sharti. Kartik akae masika yote, si hotelini, wala asiwe na dereva wa kumsubiri nje. Mvua zikiisha na bado anaitaka Dar, wazazi wake waje na posa. Kartik akakubali hapo hapo, akampa mkono kila mzee, akamaliza na Celina.

Jembe alilishika, tusimnyime haki yake. Alipanga chumba na sebule Kisutu, ghorofa ambayo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Mvua ilipoanza, alivuka madimbwi ya Kariakoo viatu mkononi. Alikwenda ofisi ya vibali, akaambiwa hili limepungua, akarudi nalo, akaambiwa sasa limepungua lile. Kazi zake za kompyuta alizifanya kwa mtandao unaokuja na kuondoka utakavyo. Mama yake alipopiga simu kutoka Leicester alimwambia yu salama, huku amekaa gizani na shati limelowa jasho.

Na kila asubuhi, kabla duka halijachangamka, alikaa barazani na Mzee Abdulkadiri wakinywa kahawa na kashata. Mzee alimshonea mashati mawili, akakataa malipo. Akimwita alimwita mkwe.

"Mkwe," alimwambia siku moja Nirali akisikia, "mji haukuzoei mpaka ukukasirikie kidogo."

Ila kulikuwa na jambo ambalo Nirali mwenyewe hakuliona. Kila mahali Kartik alipokwenda, yeye alikuwa mbele. Fundi bomba alimpigia yeye. Mwenye nyumba alijibiwa na yeye. Kartik akiuliza bei ya nyanya, kabla muuzaji hajafungua mdomo Nirali ameshasema ghali. Alidhani anamsaidia.

Mvua zilipoanza kukatika, watu wa Mtaa wa Uhuru walishasema Mwingereza amefaulu. Nirali naye, akiwa peke yake, alianza kuangalia sari nyekundu za harusi. Ndipo wakaja rafiki zake Kartik kutoka Leicester, na Kartik akawapeleka Zanzibar wapumzike kidogo.

Jumamosi alfajiri, nyumbani kwake Ilala, Mzee Abdulkadiri aliamka, akatia udhu, akasema kifua kinambana. Jua lilipochomoza hakuwepo.

Mzee Jayant alishusha mlango wa duka bila kusema neno. Nirali, macho yamemvimba, akamwandikia Kartik:

"Mzee Abdulkadiri amefariki alfajiri. Mazishi leo baada ya swala ya alasiri, nyumbani kwao Ilala."

Jibu lilikuja akiwa ameshaketi mkekani na wanawake:

"Maskini mzee wetu. Nimeumia sana. Nimemtumia mwanawe Ramadhan rambirambi. Niko Nungwi na wageni, tunarudi Jumatano. Wape pole wote."

Nirali alizima simu. Nje wanaume walikuwa wanapokezana jeneza, na baba yake, Mhindu wa watu na kofia ya kuazima kichwani, alikuwa katikati yao akilia wazi kama mtoto. Ramadhan, anayefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, alimshika mkono wasianguke wote wawili.

Mjane, Bi Sitara, alimgeukia Nirali.

"Mwanangu, na yule kijana wenu wa kahawa yuko wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtu anayehesabu wanawe. Nirali akajibu kwamba yuko safarini, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Jumatano Kartik aliingia dukani amebabuka pua kama Desemba, na mfuko wa viungo mkononi. Alitoa pole. Nirali aliendelea kukunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Umenikasirikia," Kartik akasema. "Rambirambi hazikufika?"

"Zimefika. Wameshukuru."

"Sasa kosa langu nini?"

"Nilikuandikia asubuhi. Boti ya mchana ilikuwepo."

"Lakini hukuniita. Ramadhan hakuniita. Kule kwetu mtu hajiendei tu kwenye mazishi ya watu, unasubiri familia ikwambie. Niliogopa kuwaingilia, Nirali. Nikasubiri."

"Ulisubiri nini?"

"Mwaliko."

Celina akaweka chini mkasi. Hata mteja aliyekuwa akishikashika hariri aliacha.

"Msiba hauna mwaliko, Kartik," Nirali akasema. "Harusi ndiyo ina kadi. Mzee alikuita mkwe. Mkewe aliniuliza mbele ya watu uko wapi, mimi nikatafuta pa kuficha uso. Umeme umeuweza, matope umeyaweza, nakubali. Lakini siwezi kuolewa na mtu ambaye siku Baba akifa atatuma pesa kutoka Nungwi."

Kartik akatazama barazani, pale cherehani ilipofunikwa shuka. Akaweka mfuko wa viungo juu ya kaunta, akatoka. Siku ile ile alituma ujumbe mfupi: "Naomba nisikupigie kwa muda. Si hasira."

Nirali aliusoma akacheka kwa uchungu. Mume wa Janki naye alianza hivyo hivyo, na maneno ya upole.

Wiki zikapita. Kartik kimya, Nirali kimya. Na tuseme kweli, huyu Nirali aliyemhubiria mwenzake habari za msiba, yeye mwenyewe hakurudi Ilala kukaa na mjane. Kila akijiandaa analikumbuka lile swali, anasema kesho. Baba yake alikwenda mara kadhaa, akirudi hasemi kitu.

Jioni moja, wakila, Mzee Jayant aliomba kuuona ule ujumbe wa msiba aliomwandikia Kartik. Nirali akampa simu. Mzee akashusha miwani puani, akasoma, akarudia.

"Hapa umemwambia saa, umemwambia na mahali," akasema. "Njoo, hujamwambia."

"Baba, mtu anaambiwa aje msibani?"

"Mtu wa hapa haambiwi. Huyu ulijua si wa hapa. Tangu Machi unamsemea kila kitu mpaka bei ya nyanya. Siku ya jambo zito ndiyo ukaamua ajisemee?"

Nirali alitaka kubisha, lakini alikumbuka vizuri. Asubuhi ile kidole chake kilishaanza kuandika neno hilo, njoo. Akalifuta. Alitaka kuona kama atakuja bila kuitwa. Katikati ya kilio cha kweli, alikuwa amemtegea mwenzake mtego, na alipokamatwa ndani yake, kipande cha moyo wake kilipumua. Afadhali aondoke sasa, alijiambia, kuliko masika ya pili.

"Ulimsubiri akosee," Mzee Jayant akasema, wala hakuwa mkali. "Unasema humtaki kwa sababu yangu, kwamba mimi nitabaki peke yangu. Mimi nimezeeka, mama. Usinifanye mlango wa kujifungia."

Nirali alilia palepale juu ya sahani. Alipopata nguvu alimpigia Kartik. Simu haikupatikana. Kesho yake hivyo hivyo. Akapita Kisutu, akakuta kufuli mlangoni. Basi, akajua ndege imeshaondoka naye, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.

Siku ya arobaini ya Mzee Abdulkadiri, alijikaza. Alikwenda Ilala mchana na Celina, wamebeba mchele na samli, ameshaamua kwamba atamwomba radhi Bi Sitara kwa kutoonekana. Uani moshi ulikuwa umetanda. Masufuria makubwa ya pilau yalikuwa juu ya mafiga, na pembeni kisufuria kidogo kisicho na nyama, cha Mzee Jayant, kama ilivyokuwa kwenye kila shughuli ya nyumba ile.

"Wewe, usisimame kama picha," sauti ya Ramadhan ikafoka. "Maji yako wapi?"

"Nayaleta, ndugu yangu. Bilauri au ndoo?"

"Ndoo, bwana! Pilau inapikwa kwa bilauri?"

Celina alimfinya Nirali mkono. Yule mtu mwenye ndoo alikuwa amewapa mgongo. Shati lake, la rangi ya samawati, lilishonwa na marehemu.

Nirali hakumwendea. Akaingia ndani kwa Bi Sitara, aliyekaa eda chumbani, akamshika miguu, akaomba radhi zote alizokuja nazo. Bi Sitara akamwinua.

"Umekuja, yameisha. Na huyo wako usimseme tena. Alikuja jioni ya Jumatano ile aliyorudi. Turubai limeshatolewa, watu wameondoka, ule wakati ambao nyumba inakuwa kubwa. Nikamsikia mlangoni anamwambia Ramadhan, nimechelewa, sikujua, naomba nikae nanyi. Ramadhan alikuwa na hasira naye. Akamwambia ingia, aliyechelewa msibani hafukuzwi. Tangu hapo haikupita jioni asije. Mimi simwoni, eda hainiruhusu, lakini namsikia. Anazungumza kama marehemu bibi yangu."

Bi Sitara akacheka, mara ya kwanza tangu alfajiri ile.

"Mbona hakuniambia?" Nirali akauliza.

"Nami nilimwambia Ramadhan amuulize hilo. Akajibu kwamba hakuja hapa kwa ajili yako."

Maneno hayo yalimchoma Nirali, na yakamtuliza pia. Akatoka uani. Kartik alikuwa amechuchumaa anapanga kuni, macho mekundu kwa moshi. Alipomwona alisimama.

"Simu yako haipatikani," Nirali akasema.

"Iliniangukia majini juzi nikiteka. Iko kwa fundi."

"Kwako nimekuta kufuli."

"Nalala hapa tangu juzi, kuna kazi." Akajifuta jasho kwa kiwiko. "Jumatano ile nilitaka kuondoka kweli. Nilianza kufunga begi. Nikakumbuka sijawapa wafiwa pole kwa mdomo wangu. Nikasema nitoe pole, kisha niende zangu. Nilipofika nikaona pole ya huku haitolewi mara moja ukaondoka."

"Kartik, ule ujumbe niliokutumia." Nirali alimtazama usoni, asijifiche. "Niliandika njoo, nikaifuta. Nilitaka kukupima."

Kartik aliinama, akasogeza ukuni mmoja. Kuni zikapasuka motoni.

"Kwa hiyo ningekuwa nimemzika," akasema taratibu. "Umenikosesha mzee wangu, Nirali. Hilo linaniuma."

"Najua. Nilikuwa naogopa, na hofu yangu nikaitupa juu yako. Nisamehe."

"Nitakusamehe, ila si leo leo. Na usinipime tena. Nikikosea nifokee, kama anavyonifokea Ramadhan."

"Nitakufokea."

"Hilo sina shaka nalo."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Nirali akamuuliza lile alilopaswa kumuuliza tangu Machi, badala ya kumjibia. Je, Dar inamfaa?

"Ukweli?" Kartik akasema. "Desemba nilikuwa na raha zaidi. Mvua imenichosha, vibali vimenichosha, kuna siku nauchukia mji huu mpaka harufu yake. Na sidhani kama nitakuja kuupenda tena kama nilivyoupenda kule hotelini. Lakini kule nilikuwa na mahali pa kustarehe. Hapa nina watu wa kuwazika, na wa kunizika. Nataka kubaki, hata ukinikataa."

Nirali akachukua upawa, akaanza kugeuza pilau naye, machozi akiyasingizia moshi.

Baada ya hitima, Mzee Jayant aliwasili kutoka dukani, viatu mkononi, kisufuria chake kikamsubiri. Nirali alimwendea.

"Baba, ulijua yuko hapa."

"Mimi nauza vitambaa," mzee akajibu, akinawa mikono. "Aliniomba nisiseme, sikusema." Akamtazama binti yake kwa pembe ya jicho. "Mwambie mama yake akate tiketi, aje kuzungumza na wazee. Asisubiri Desemba."

Masinia yakaanza kutoka. Wanaume wakaketi makundi makundi mikekani. Shangazi yake Ramadhan, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Bagamoyo na hakumjua Kartik kwa sura, alimsogelea Nirali akiwa na sahani ya udongo na kijiko kimoja kilichong'arishwa.

"Mwanangu, nasikia mna mgeni wa Ulaya. Nimemtengea chakula chake mbali, asije akapata tabu. Yuko wapi?"

Nirali akatazama mkekani. Kartik alikuwa kati ya Ramadhan na fundi mmoja wa viatu, mikono ya shati imekunjwa, vidole ndani ya wali, anasogea upande kumpa mwingine nafasi.

"Hatuna mgeni, shangazi," Nirali akasema, akampokea ile sahani. "Hao wote ni wa hapa."